Trepie Iliyowekwa Chini

Mariamu mwanangu,

Juzi ulinikuta uani nafuta lenzi, ukaniuliza swali la kazi, la picha za mandhari na miguu mitatu ya kamera, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake: "Papa, kwa paysage, trepie niiweke urefu gani?" Nikakujibu, "Inategemea," nikachukua kofia yangu, nikatoka. Najua ulikasirika. Nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba papa anabania ujuzi wake kama mganga anayeogopa kuibiwa dawa. Sivyo, mama. Swali lako liligusa kidonda, na mtu akiguswa kidonda hutafuta mlango kwanza, adabu baadaye.

Kesho boti linakuchukua. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na wanaume wa bandarini mama yako ameyasema mpaka jirani ameyajua kwa moyo, kwa hiyo mimi siyarudii. Nataka kulijibu swali lako tu. Jibu ni refu, na nakuandikia kwa Kiswahili cha babu yako, maana kwa mdomo najua nitaishia njiani na kutafuta kofia tena.

Ulituambia kwa furaha kazi uliyopewa. Watu waliokuajiri wanashuka mto kijiji kwa kijiji, kuanzia Yanonge, kuandika mipaka ya mashamba na misitu. Wewe utapiga picha za ardhi, na picha zako zitatandikwa mezani mbele ya watu wanaogombana. Mama yako alipiga vigelegele. Mimi nikasema chai imepoa.

Unajua kwamba tonton Faustin, kaka wa mama yako, alikufa kwenye maporomoko ya mto. Ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Unajua pia kwamba picha yangu ilikuwamo katika kifo kile, kwa sababu mama yako akichoka hasemi, anafoka. Lakini hujui ilikuwamo vipi, na hilo ndilo jibu la swali lako.

Nianze na kalenda. Mtu mmoja mwenye kiwanda kidogo cha kuchapisha alitaka picha ya maporomoko, picha moja kubwa ya mwaka mzima. "Nataka foto yenye nguvu, Ramazani," aliniambia. Mimi wakati huo nilikuwa na ugonjwa mmoja wa vijana wa kazi yetu: nilipenda kukaa chini. Yule mzee aliyenifundisha alinionyesha kwamba ukishusha kamera karibu na ardhi, jiwe dogo linakuwa mlima. Nikalipenda neno hilo kama mtoto anavyopenda sukari. Harusi chini, mpira chini, mto chini. Tonton yako ndiye aliyenipa jina la Chura. Akiniona tu nimechuchumaa ukingoni, anapiga kelele kutoka juu ya miti yake ya kuvulia:

"Eh, Chura! Unaonaka mbingu, mayi hauione!"

Tulicheka wote. Alikuwa shemeji yangu, tukiitana semeki, lakini tulikuwa tunataniana kama marafiki wa darasa moja. Siku ya Idi alikuja na samaki mkubwa wa kapitene begani, mimi Mwislamu na yeye mtu wa misa, na mama yako akaponda lituma ya ndizi, tukala mpaka tukalala pale pale kwenye mkeka.

Sasa kumbuka jinsi wanavyovua pale. Miti mikubwa inasimamishwa ndani ya maji ya kasi, mguu wake kwenye tundu la mwamba, inafungwa kwa kekele, zile kamba za msituni, na chini yake inaning'inizwa migono, vile vikapu vipana ambavyo maji yenyewe yanaingiza samaki. Kila ukoo una mahali pake. Hapana karatasi. Mahali ni tundu la jiwe, na tundu limetobolewa na mababu. Mafuriko yakibeba miti, unangoja maji yashuke, unarudi kwenye tundu lako.

Mahali pa tonton yako palikuwa nyuma ya lile jiwe jeusi unalolijua, lile ambalo watoto wanaanikia nguo, na miti yake ilikuwa mifupi kuliko ya wengine. Mimi niliweka trepie mbele ya jiwe lile, miguu nimeitanua hadi kamera ikawa karibu na goti langu. Jiwe likajaa chini ya picha, likang'aa kama mgongo wa kiboko. Juu yake maji meupe, miti ya wengine, anga. Ilikuwa picha nzuri, Mariamu. Nakwambia bila aibu: ni nzuri hata leo. Mji mzima uliitundika, kuanzia majumbani hadi kwenye mabaa ya Makiso. Nikipanda toleka, kijana wa baiskeli ananiuliza kama ni mimi yule wa kalenda, nami napanua kifua kama jogoo.

Hebu fanya jambo moja. Ukiwa mezani, shusha kidevu mpaka kiguse ubao. Kikombe kilicho mbele yako kitaficha sahani zote za nyuma. Simama, utaziona zote, utaona hata ni nani hakupewa nyama. Hiyo ndiyo siri yote ya urefu wa trepie. Kamera ikiwa chini, kitu cha mbele kinakuwa mfalme na cha katikati kinakufa. Ikipanda, cha katikati kinafunguka. Mimi nilijua mfalme tu. Cha katikati sikukiuliza habari zake.

Mwaka uliofuata mto ulijaa vibaya ukabeba miti yote. Kabla maji hayajashuka, ukoo wa jirani wakaanza kusema kwamba mahali pa nyuma ya jiwe jeusi hapajawahi kuwa pa akina Faustin, kwamba babu yao aliazimwa tu, tena upande mwingine. Kwa kawaida wazee wangekwenda kutazama tundu, na maneno yangeisha. Lakini tundu lilikuwa chini ya maji yanayonguruma, na watu wenye njaa hawangoji maji. Mmoja akasema, "Kwani kalenda haiko?" Wakaenda kuichomoa kwenye ukuta wa baa, ina madoa ya bia, wakaitandika juu ya pipa. Nami nikaitwa, mwenye picha.

Mkubwa wa wavuvi alikuwa mtu wa haki, usije ukamchukia. Aliinama, akaweka kidole juu ya kalenda.

"Bon. Hapa iko jiwe. Nyuma ya jiwe iko mayi. Miti ya Faustin iko wapi?"

"Iko nyuma ya jiwe, papa," tonton yako akasema. "Foto haikuifikia."

"Ramazani, ni wewe ulipiga hii foto. Byote byenye vilikuwa pale viko ndani?"

Watu wote wakanigeukia. Unakumbuka maneno yaliyoandikwa juu ya mlango wa studio ya zamani, kwa rangi nyekundu? Niliyatamka kama sala.

"Foto haisemaka uongo."

Watu wakaitikia "eeeh", wengine wakacheka kwa kuridhika. Faustin hakucheka. Aliniambia polepole, si kwa hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau nyumbani:

"Semeki, siku ile ulikala chini kama chura. Waambie basi."

Nikajibu, "Foto ni foto."

Nimeyageuza maneno yale miaka yote hii. Watu wanadhani nilimsaliti kwa sababu fulani, kwamba nilikuwa na neno naye. Sikuwa nalo, nilimpenda. Nilikuwa na kiburi, hilo ni moja. Kusema mbele ya watu kwamba picha yangu ya mji mzima imeficha kitu kulikuwa kama kuwaambia studio yangu inauza uongo. La pili ndilo linaloniamsha usingizini: sikuwa na uhakika. Nilijaribu kuiona miti yake kichwani, nikaona jiwe. Nilikuwa nimechungulia kwenye kamera asubuhi nzima nikiwa chini, na kutoka kule chini mimi mwenyewe sikuiona. Mtu aliyekuwa akinipigia kelele kila siku kutoka juu ya miti ile! Jicho langu lilikuwa limeamini picha kuliko masikio yangu. Ningeweza kusema, "Sijui, nilikuwa chini." Maneno matatu tu. Sikuyasema. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mahali pake wakawapa jirani, naye wakampa pengine, ng'ambo ile ambako mto unavuta. Siku moja alipanda kufunga mgono, mti ukateleza kwenye tundu ambalo halikuwa tundu, lilikuwa ufa tu, akaenda nao. Walimpata mbali, mto unakoshukia, baada ya mtaa wa Simi-Simi, kwenye magugu ya ukingoni. Mama yako ndiye aliyemtambua, kwa shati. Mimi nilibeba jeneza upande wa kushoto na hakuna aliyenifukuza. Laiti wangenifukuza.

Kisha kiangazi kikaja, maji yakashuka. Tundu likaonekana nyuma ya jiwe jeusi, limelainika kwa miti ya miaka na miaka, na ndani bado kipande cha mti wake kimekwama. Mkubwa wa wavuvi aliingiza mkono mpaka kiwiko, akautoa, akakaa juu ya jiwe. Mahali pakarudishwa kwa Mama Febroni, mjane wake, mwenye mabinti tu na asiye na mkono wa kusimamisha mti. Pako wazi mpaka leo. Kila mtu anapaheshimu na hakuna anayepavua.

Nilizunguka mji nikiomba watu washushe kalenda ile, ingawa mwaka wake ulikuwa umekwisha. Wengine waliniona nimerukwa na akili. Yule wa baa, aliyekuwa ameirudisha ukutani, aliniambia, "Iache tu, papa. Iko inafunika tundu." Nilicheka, Mariamu. Nilicheka pale kaunta mpaka nikalia, na yule bwana akadhani nimelewa, mimi ambaye sijawahi kuonja.

Unaweza kufikiri kwamba baada ya hapo nilipata busara. Nilipata wazimu wa upande wa pili. Nikawa napanda juu: mapaa, ngazi, mabega ya watu. Nilijiambia kwamba juu ndiko kweli inakokaa. Basi jirani zetu wakanyang'anywa uwanja na mmomonyoko, lile shimo kubwa unalolikumbuka likila nyumba taratibu, wakaniomba niwapigie picha wapeleke kuomba msaada. Nikapanda paa. Picha ikatoka, na shimo lenye kina cha kumeza nyumba likaonekana tambarare kama mkeka. Waliopelekewa wakauliza, "Ni hii tu?" Nyumba ikaanguka mvua iliyofuata. Watu walikuwa wametoka, namshukuru Mungu. Ukiwa chini unameza cha katikati, ukiwa juu unameza kina. Hakuna urefu usiokula kitu. Kwa hiyo ukikuta mtu anayekwambia trepie iwe usawa wa macho siku zote, ujue anapumzisha mgongo wake.

Nina machache ya mikono, uyachukue. Usifungue trepie kabla hujajua unapotaka jicho liwe. Tembea kwanza na kamera mkononi, chuchumaa, inuka, panda kisiki kama kipo, na kila mara jiulize kitu cha mbele kimekula nini. Kisha ulete miguu pale jicho lilipokubali. Usivute ile nguzo ya katikati kwa uvivu, nakujua, unapenda kuivuta kwa sababu ni rahisi. Inatetemeka, na karibu na maji ya kasi hata mwamba unatetemeka. Vuta miguu yenyewe, vile vipande vyake vinene kwanza. Kwenye mchanga wa ukingoni ikandamize mpaka iache kuzama, maana ukiisha kupima, ikizama kidogo tu, umebadilisha picha bila kujua. Na ukipenda kukaa chini, kaa. Uzuri si dhambi. Ila picha hiyo isiende mezani peke yake, na siku ikienda, wewe uende nayo, ufungue mdomo.

Hayo ningeweza kukujibu juzi. Lakini niliona nakujibu nusu, kwa sababu kuna kitu nilikuwa sijawahi kukipima mwenyewe. Leo mchana, wewe ulipokuwa sokoni na mama yako, nilibeba trepie nikaenda maporomoko. Ni ile ile. Nilikuwa sijaipeleka kule tangu kalenda.

Mama Febroni alikuwa amekaa anapasua samaki wadogo. Tangu msiba tunaamkiana kwa kichwa tu, njiani. Aliniona nikija na hakuinuka.

"Unatafuta nini huku?"

"Mariamu anaenda kesho, mama. Kazi yake ni foto ya mashamba ya watu. Aliniuliza kitu, na mi siwezi kujibu bila kuona pahali pa Faustin."

Akaitazama trepie, kuhakikisha kama ndiyo ile ya kalenda. "Njo hii?"

"Njo hii."

Akanawa mikono kwenye beseni, akavua kandambili, akakunja kitenge, akaingia majini bila kuniambia kitu. Maji sasa ni ya chini. Alizunguka jiwe jeusi, akapotea.

Niliweka kamera pale pale, karibu na goti, kama siku ile. Nikachungulia. Jiwe, maji, anga. Picha ilikuwa nzuri bado, Mariamu, na mtu hakuwamo. Nikasikia sauti yake kutoka ndani ya picha tupu:

"Unaniona?"

"Hapana."

Nikafungua miguu, nikapandisha kidogo.

"Na sasa?"

"Naona kitambaa cha kichwa."

Nikapandisha tena. Ukaja uso, kifua, kitenge kilicholowa.

"Miguu?"

"Bado."

Nikapandisha tena, na miguu yake ikatokea juu ya mgongo wa jiwe, imesimama kando ya tundu, maji yakiipita.

"Miguu pia nayiona," nikasema.

Nikainua kichwa kuangalia kamera imefika wapi. Nilitegemea ngazi. Miaka yote hii nilijifariji kwamba huenda ingehitajika ngazi, au paa, kitu ambacho mtu wa kawaida asingekuwa nacho siku ile. Kamera ilikuwa usawa wa kifua changu.

Mama Febroni alirudi taratibu, akasimama karibu yangu, akaipima kamera kwa macho, kisha akanipima mimi.

"Donc siku ile ungesimama tu," akasema.

Niliweka kidole kwenye kitufe, sijui kwa nini, mazoea. Akatikisa kichwa. "Usipige." Akarudi kwenye samaki wake, nami nikakunja miguu.

Nimefunga kipande cha mpira wa tairi la toleka kwenye mguu mmoja wa trepie, pale ilipofika. Hiyo ni alama yangu, si kipimo chako. Yanonge kuna mawe mengine na vichaka vingine, na wewe unanizidi urefu, jambo ambalo hukosi kunikumbusha. Wewe ukifika, mwite mwenye shamba kwanza, asimame anaposema ni kwake. Kisha pandisha na kushusha mpaka umwone na miguu yake. Akikuuliza kama unamwona, mwambie kweli. Na ukiwa mezani, picha zimetandikwa, mtu akakuuliza kama vyote vimo ndani, kumbuka kwamba maneno ya mlango wangu niliyafuta kwa msasa, mwenyewe.

Nilidhani mama yako atakataza usiichukue trepie hii. Nilipomwuliza jioni, hakugeuka kutoka jikoni.

"Aende nayo," akasema. "Mu nyumba yangu isibakie."

Ameshaifunga kwenye mzigo wako. Nimeona fundo, ni fundo la kekele la kwao, lile la Faustin, halifunguki kwa maji.

Asubuhi nitakusindikiza mpaka bandarini, na sitaweza kusema lolote kati ya haya, kwa hiyo usiningojee. Nitakuuliza kama umebeba betri. Wewe jibu tu kwamba umebeba. Boti litaacha mji, litapita Simi-Simi upande wako wa kulia, kisha utaona magugu yale ya ukingoni. Abiria wote watakuwa wamekaa juu ya mizigo yao. Shika nguzo ya boti vizuri, mwanangu, na usimame.

Papa yako,
Ramazani